Bandi Zisizong'olewa

Jumapili moja, masika yakiwa yamekatika, niliitoa kantha yangu, lile blanketi la nguo kuukuu zilizoshonwa tabaka juu ya tabaka, kabatini nikaitia kwenye beseni. Ilikuwa inanuka kabati. Sikuisugua, niliifikicha polepole kwa sabuni ya mche, nikaisuuza mara tatu, halafu nikaanza kuikamua. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilisikia mlio mdogo, kama karatasi iliyolowa inayochanika, na kidole gumba changu kikazama.

Hakikutokea upande wa pili. Kilizama ndani.

Niliianika juu ya kamba mbili ili isijilemee, nikavuta kigoda, nikachungulia. Kitambaa cha juu, kile chenye yungiyungi jekundu katikati, kilikuwa kimefumuka kiasi cha kuingiza vidole vitatu. Chini yake kulikuwa na kitambaa kingine, cheupe pia lakini weupe wa maziwa yaliyokaa. Kilikuwa na pindo, au niseme kilikuwa na mahali palipokuwa na pindo: ukingo ulichanwa kwa mkono, zikabaki nyuzi nne nyekundu zimejikunja kama nywele za mtoto.

Nikainua macho kwenye yungiyungi la juu.

Nyekundu ile ile.

Wiki tano sikuweza kuishona wala kuirudisha kabatini. Ilikaa kwenye kochi la sebuleni, na kila mgeni aliyeingia aliuliza kama nimeanza biashara ya mitumba.

Zawadi

Nilipewa kantha hiyo asubuhi niliyokuwa naondoka Kolkata. Nilikuwa nimepanga chumba kwa miaka miwili ya masomo, juu ya nyumba ya mama mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mashima. Mashi ni dada wa mama, kwa hiyo kwetu angekuwa mama mdogo, ingawa kwa umri alikuwa bibi kabisa. Alipanda ngazi na magoti yake yale, akanipa kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Nikakifungua mbele yake, na uso wangu haujui kuficha.

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa ni kwangu: niliona madekio. Nguo kuukuu zimebebanishwa na kushonwa pamoja. Miaka miwili ya kodi niliyolipa kabla ya tarehe tano, halafu naagwa kwa matambara? Nilishukuru kwa Kibangla changu cha kuombea chumvi, akashuka zake, nami nikaitumia kufungia vikombe visivunjike kwenye ndege.

Vikombe vilifika salama. Aibu ilichelewa kufika kwa miaka kadhaa.

Nakshi ni nakshi

Huko Bengali, iwe upande wa India au wa Bangladesh, zile zenye mapambo zinaitwa nakshi kantha. Wao hutamka "nokshi". Mara ya kwanza kulisikia neno hilo nilidhani mtu ananitania. Nakshi? Hii hii ya milango ya Lamu na Mji Mkongwe? Hii hii. Asili yake ni Kiarabu. Wao liliwafikia kwa njia ya Kiajemi, sisi tukalipokea kwenye mwambao wetu. Wao wakaliweka kwenye nguo, sisi tukaliweka zaidi kwenye mbao na plasta.

Jina hilo lilivuma sana kutokana na mshairi Jasimuddin, aliyechapisha utenzi wake *Nakshi Kanthar Math* mwaka 1929. Humo msichana wa kijijini, Shaju, anaachwa na mume aliyelazimika kukimbia, anaishona hadithi yao kwenye kantha, na anapokaribia kufa anamwomba mama yake amtandikie juu ya kaburi. Hadi leo Mbangladeshi ukimtajia kantha anaweza kukusomea beti.

Mashima hakuwa na habari ya beti. Kwake ilikuwa kantha tu, na mara nyingi nilimsikia akilitaja neno hilo akimsema mjukuu wake mvivu, kwa msemo ambao Wabengali wote wanaujua: kulalia kantha iliyochanika huku ukiota laki ya rupia. Sisi tungesema ndoto za Alinacha.

Kwenye msemo huo kantha ndiyo ufukara wenyewe. Sasa unampaje mtu zawadi kitu ambacho lugha yako inakitumia kumaanisha dhiki? Swali hilo lilinikaa.

Bandi

Ukipeleka gauni kwa fundi, kabla hajaliweka kwenye cherehani atalipiga bandi. Sindano inazama, inaibuka, inazama, inaibuka, uzi wa rangi yoyote ulio karibu. Kazi ya bandi ni kushika nguo mpaka mshono wa kweli upite. Ukipita, fundi anang'oa bandi, anapuliza vumbi la uzi, anakupa gauni lako. Bandi ikionekana kwenye nguo iliyokwisha, utamrudishia.

Kantha yote ni bandi.

Ilinichukua muda kuliamini hilo. Maua, tembo, mashua, miti, mawimbi: mshono ule ule mmoja, wa kuzama na kuibuka, ambao mtoto wa darasa la tatu anaufahamu. Ipo mishono mingine ya kujazia, lakini ukiitoa yote, kantha inabaki kuwa kantha. Ukitoa bandi, unabaki na nguo za zamani zilizokunjwa.

Nilimwona Mashima akitengeneza moja wakati wa mvua, mwezi wa saba, barabara ikiwa imegeuka mto na hakuna pa kwenda. Baada ya chakula cha mchana alitandika sari tatu sakafuni, moja juu ya nyingine, sari za pamba zilizofuliwa mpaka zikawa laini kama sikio la mbuzi. Akaweka sufuria za shaba kwenye pembe. Kisha akapita juu yake kwa kiganja kitupu, kutoka katikati kwenda nje, akifukuza mikunjo. Aliifanya kazi hiyo ya kiganja kwa karibu saa nzima. Nilipochoka kutazama nilienda kusoma, nikarudi, bado anapapasa.

Uzi hakununua. Alichukua pindo la sari nyingine, akalikata vipande vya urefu wa mkono, akabana ncha moja kwa kidole gumba cha mguu, akaanza kuchomoa uzi mmoja mmoja na kuuzungusha kwenye kijiti. Sari za zamani zilikuwa nyeupe zenye mapindo ya rangi, ndiyo maana kantha za zamani nazo ni nyeupe, na nakshi zake ni nyekundu, buluu na nyeusi.

Mpango wake mtu wa kanga ataufahamu haraka. Kuna pindo, kuna mji. Katikati ya mji hukaa yungiyungi. Kwenye pembe nne humea miti au makuti yaliyopinda, yote yakielekea katikati. Halafu kuna ule uwazi uliobaki. Hapo ndipo kazi inapokula miezi. Uwazi wote unajazwa bandi nyeupe juu ya kitambaa cheupe, safu zikilizunguka kila ua kama mawimbi ya jiwe lililotupwa kisimani. Uzi ukivutwa kidogo nguo inajikunyata, na sehemu yote inakuwa na vijimakunyanzi. Huwezi kuziona bandi hizo ukiwa mbali. Ukipitisha mkono, unazisikia.

Sehemu kubwa ya kazi ya mtu huyu, basi, ilikuwa nyeupe juu ya nyeupe.

Na mimi nilifungia vikombe.

Jicho

Mtoto akizaliwa huko hafungwi nguo mpya. Anafungwa kantha ya sari za mama zake na bibi zake. Sababu ya kwanza ni ya ngozi: hakuna kitambaa cha dukani kinacholingana na pamba iliyovaliwa miaka kumi. Sababu ya pili ni jicho. Nguo kuukuu haimvutii hasidi, hivyo mtoto anapita salama. Wanampaka na doa jeusi la wanja kwenye paji la uso, jambo ambalo mtu wa Tanga halihitaji kuelezwa mara mbili.

Jirani zao wa Bihar wana kazi ya jamaa hiyo hiyo, inaitwa sujani, na kwenye simulizi za kule yupo hata mungu wa kike wa matambara, Chitiriya Ma.

Nilipokuwa nayasikia haya niliyapokea kama mtalii anavyoyapokea mambo ya watu: ahaa, vizuri, andika. Kilichonitoa kwenye utalii ni lile tundu la beseni. Kujua kwamba ndani ya kantha kuna nguo za watu ni habari. Kumwona mtu mwenyewe amelala humo, na nyuzi zake nne zilizosalia, ni jambo jingine. Nilikuwa nimejifunika nguo ya nani miaka yote hiyo? Yu hai? Alitaka?

Msinicheke. Ninavaa mitumba tangu shule ya msingi na sijawahi kumuuliza Mzungu yeyote kama alitaka.

Sonajhuri

Nilirudi Kolkata mara moja, miaka minne baada ya masomo, kwa safari ya wiki mbili. Ndipo nilipopanda treni kwenda Bolpur, kwenye gulio la msitu wa Sonajhuri, karibu na Santiniketan ya mshairi Tagore. Eneo lile lina historia yake na sindano: Tagore alianzisha kituo cha Sriniketan mwaka 1922 kwa ajili ya kazi za vijijini, na mkwe wake, Pratima Devi, alikuwa mmoja wa waliosukuma kantha itoke vitandani iingie kwenye nguo za kuvaa. Siku hizi vijiji vya Birbhum vinashona kantha kwenye sari nzima za hariri, vitambaa vipya, nyuzi za dukani.

Chini ya mti mmoja alikaa mama na mitandio ya hariri. Nikauliza bei. Rupia 2,200. Nikaanzia nusu, Kariakoo haikunilea bure.

Hakunijibu. Aliugeuza mtandio akanionyesha mgongo wake.

Mgongo ulikuwa karibu sawa na uso. Hakuna fundo linaloning'inia, hakuna uzi uliorukishwa. Mtu yeyote aliyewahi kudarizi shuka anajua kwamba siri zote za mshonaji ziko mgongoni. Nikaona, nikaelewa, na bado nikaendelea kuvutana naye mpaka 1,500.

Kwenye treni nilitoa kiberiti, nikakiweka juu ya mtandio, nikahesabu bandi zilizo chini yake. Nilifika 140 macho yakakataa. Na mtandio ulikuwa mrefu kunipita. Mnaojua hesabu mnaweza kuendelea.

Nilikiona na kitu kingine: alama hafifu za buluu chini ya nyuzi. Mchoro haukutoka kichwani kwa mshonaji. Mchoraji huchora kwenye karatasi nyepesi, mistari yote inatobolewa kwa sindano, karatasi inalazwa juu ya kitambaa, kisha tambara lililochovywa kwenye unga wa rangi na mafuta ya taa linapitishwa juu. Mchoro unashuka kwa vitundu. Mshonaji anapelekewa nyumbani na nyuzi zake, anafuata mistari, analipwa kwa kipande. Kati yake na mimi kuna watu, na kila mmoja anakata chake. Ubishi wangu wa rupia 700 ulimwangukia nani mwishoni? Sidhani ni yule wa katikati.

Jioni ile nilimwonyesha Mashima mtandio. Akavaa miwani, akaupapasa, akasema kazi nzuri sana. Kisha akasema: "Lakini hii si kantha. Hii ni sindano."

Nilifurahi. Nilijiona nimepewa ufunguo: kuna kantha ya kweli na kuna ya soko. Nilitembea na ufunguo huo kwa muda mrefu nikiwahukumu nao watu. Mitandaoni ninyi mnaziona, "kantha za kale" zinazouzwa kwa rundo, nyingi zimetoka Rajasthan, bandi ndefu za mistari iliyonyooka, nikawa nazicheka.

Mashima huyo huyo, dakika mbili baadaye, alikuwa ameongeza jambo ambalo sikulitilia maanani wakati ule. Binti wa jirani yake amesomeshwa kwa sindano.

Na si huyo peke yake. Bangladesh ilipotoka vitani mwaka 1971 ilikuwa na wajane wengi na vijiji vilivyoteketea, na kantha ilikuwa mojawapo ya kazi ambazo wanawake wangeweza kuzifanya bila kutoka nyumbani. BRAC, hii hii ya vikundi vya mikopo vya akina mama inayofanya kazi Tanzania tangu 2006, ilianzishwa huko 1972, na 1978 ikafungua maduka ya Aarong kuuza kazi za mikono za vijijini. Jamalpur imekuwa jina kubwa la nakshi kantha kwa njia hiyo. Vitambaa vipya, michoro ya kunakiliwa, malipo ya kipande. Sindano, angesema Mashima.

Sasa mimi niliyepunguza 700 nina ubavu gani wa kumnunia anayeuza?

Mpaka

Kidogo tu hapa. Mwaka 2008 India iliisajili nakshi kantha kuwa bidhaa yenye asili ya Bengali Magharibi, na upande wa Bangladesh haukupendezwa. Nilimuuliza Mashima ni ya nani. Familia ya mumewe ilitoka Jessore, ambayo mwaka 1947 ilibaki upande wa pili wa mpaka. Walivuka na sanduku mbili. Aliliona swali langu la kipuuzi kiasi kwamba alinipa chai.

Ipo kantha moja mashuhuri kwenye mkusanyiko wa Gurusaday Dutt, huko Joka, Kolkata. Nimeiona kwa picha tu. Aliishona mwanamke aitwaye Manadasundari katika karne ya 19, na ameandika kwa uzi kwamba ameifanya kwa mikono yake kwa ajili ya baba yake. Kwenye nguo hiyo kuna hadi askari wa Kiingereza. Kuna jina lake na kuna baba. Nchi hakuitaja.

Simu

Wiki ya tatu nilimpelekea fundi wa mtaani. Akaiangalia, akasema dakika kumi, atapitisha cherehani juu, zigizaga, itakuwa imara kuliko mwanzo. Alikuwa sahihi. Niliichukua nikarudi nayo nyumbani.

Wiki ya tano nikampigia simu Mashima. Alipokea binti yake, akaishika simu mbele ya mama yake, na sote watatu tukaanza kupiga kelele kama kawaida ya simu za picha. Nikaweka kamera kwenye tundu.

Kimya. Kisha Mashima akasema jambo, binti yake akacheka mpaka simu ikatikisika.

"Anasema umemfukua mama mkwe wake."

Nikapewa hadithi kwa vipande. Sari ile ya ndani ilikuwa ya mama mkwe, yenye pindo jekundu la mwanamke mwenye mume. Alipofiwa akavua rangi zote, kama wajane wa Kihindu wa zamani walivyofanya, akavaa nyeupe tupu hadi mwisho. Zile zenye pindo zikakaa sandukuni miaka. Siku moja akamwita mkwewe akamwambia azifanye kantha, zisiliwe na nondo.

"Mbona ukamweka ndani?" niliuliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu zito. Nilikuwa na kalamu mkononi, Mungu anisamehe.

Mashima alisogeza uso karibu na kamera. "Alikuwa na maneno mengi," alisema.

Halafu, baada ya kufikiri: "Lakini alikuwa na nyekundu nzuri."

Nikaeleza habari za fundi na zigizaga. Hakuelewa tatizo liko wapi. Kantha ikichakaa unaweka nguo nyingine juu yake unashona. Kwani mimi sina nguo?

"Iliyovaliwa," akasisitiza. "Usiende dukani."

Kikoi

Nilikata kipande cha kanga yangu ya siku nyingi, iliyopauka mpaka maua yake hayajulikani ni ya nini. Nilikwepa sehemu yenye jina. Sikutaka kumsemea mama mkwe wa mtu maneno ya kanga.

Uzi ndio ulinishinda. Kanga imepigwa chapa. Rangi yake imekaa juu ya kitambaa, ukichomoa uzi unapata vipande vilivyopauka. Nilihitaji nguo iliyofumwa kwa rangi, nikakumbuka kikoi ambacho baba alikisahau kwangu alipokuja kutibiwa macho, chenye mistari ya buluu pembeni. Nikampigia.

"Baba, shikamoo. Kile kikoi chako, naweza kukikata?"

"Marahaba. Kile kimeshakufa, mwanangu, kizike utakavyo."

Nilikata pindo kwa urefu wa mkono, nikabana ncha kwa kidole gumba cha mguu kama nilivyoona. Uzi wa kwanza ulikatika. Wa pili ulikatika. Kumbe hauvutwi kwenda juu. Unalazwa, unauvuta ukiwa sambamba na sakafu, polepole, huku mkono mwingine ukikikunja kitambaa nyuma yake kama soksi. Wa saba ulitoka mzima. Nilipiga yowe nikiwa peke yangu ndani.

Nikapapasa kwa kiganja, dakika kumi, nikaona inatosha. Nikaanza kushona kutoka ukingoni mwa tundu, bandi nne kwenye sindano kwa mara moja, vuta, lainisha, nne tena. Buluu ya baba ilikuwa ikipita juu ya nyekundu ya yule mama wa Jessore. Baada ya saa mbili nilikuwa na shubiri moja. Nikapiga picha, nikaituma Kolkata.

Jibu lilikuja usiku, sauti ya Mashima mwenyewe, neno moja la Kibangla ambalo hata mimi nalifahamu.

"Ng'oa."

Kisha binti yake akaandika chini: anasema bandi zako ni kubwa, na hukupapasa.

Kesho yake asubuhi nilikaa dirishani na wembe, nikazing'oa moja moja, nikapuliza vumbi la uzi. Nyuzi tatu zilifaa kutumika tena. Kikoi kimebaki na pindo la upande mmoja.